Nyota Tatu za Majirani

Aliyemwingiza mama mdogo kwenye ile aplikativo ni mimi. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Yeye hakuomba. Alikuwa na jiko lake la mkaa nyuma ya nyumba, masufuria mawili makubwa na moja dogo la achari, na watu waliomjua walikuja wenyewe. Mimi ndiye niliyeona haitoshi.

Mama mdogo ndiye aliyenilea mama alipofariki. Wakati wa vita tulikimbia pamoja mpaka Pemba, mji wa hukuhuku Msumbiji, si kile kisiwa, tukakaa huko, nikamaliza klasi ya kumi na mbili kwenye shule yenye watu wengi kuliko madawati. Tuliporudi Palma, kwenye mtaa wetu nyumba zilizokuwa na watu zilikuwa kumi na mbili, na yetu ikiwemo. Nyingine zilibaki kuta, na nyasi zinaota palipokuwa na vitanda. Kwa hiyo nikisema jirani, nasema mtu aliyerudi.

Aplikativo ilikuja na vijana waliovaa fulana za rangi moja. Walizunguka wakisajili wapishi, mafundi bomba, wafua nguo, wenye pikipiki. Wageni wenye kontratu za kazi kwenye mradi wa gesi wa Afungi wanaopanga nyumba hapa mjini wanafungua simu, wanachagua mtu, wanaletewa wanachotaka, halafu wanatoa nyota. Moja mpaka tano. Nilimsajili siku ileile, kwa simu yangu, nikampiga picha akiwa amejifunga kapulana ya manjano, mwiko mkononi, hacheki.

Aliniuliza mtu ambaye hajamwona usoni, hajui kama anaosha mikono au haoshi, atamwaminije. Nikamwambia ataamini nyota.

"Na hizo nyota nazo, nani anazijua kwao?"

Nilikuwa nikitafuta mtandao.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Wageni saba waliagiza wali wa nazi na samaki. Watano walitoa nyota tano, wawili wakatoa nne. Kwenye ukurasa wake ikaandikwa 4,7. Nilikuwa nikiamka naangalia ile namba kabla sijapiga mswaki. Mmoja aliandika kwa Kireno kwamba ile achari ya ndimu imemkumbusha kwao. Nikamtafsiria mama mdogo, akauliza kwao ni wapi, nikasema hakuandika. Akasema basi, mtu akikumbuka kwao ni vizuri, popote palipo.

Halafu kijana mmoja wa aplikativo, aliyenionyesha kusajili na anayeniita mana, yaani dada, akanipigia. Ipo nyumba kubwa ya wapangaji karibu na uwanja wa mpira, wanaume wa kazi za kambini, wanataka mpishi mmoja wa kila siku. Shefe wao, yaani bosi, anachagua kutoka wale wa juu kwenye orodha tu. Mama mdogo hayupo juu.

Nikamwuliza kwa nini, na ana 4,7.

"Walioandika ni wachache, mana. Mashine haimwamini mtu aliyepewa nyota na watu saba tu, inaona labda ni ndugu zake. Tafuta wengine kumi hivi kabla mwezi haujaisha. Ila usishuke chini ya nne. Mwezi ukiisha uko chini ya nne, unatolewa kabisa."

Mwezi ulikuwa umebaki na siku tisa. Nikahesabu nyumba za mtaa. Kumi na moja, ukitoa yetu. Nilicheka peke yangu. Nani anamjua mama mdogo kuliko hao?

Hapa lazima nieleze habari ya sahani. Kwetu sahani hairudi tupu. Ukipelekewa chakula, unaiosha sahani, unaweka chochote ulichonacho, ndimu mbili, yai, kipande cha muhogo, chumvi hata, ndipo unairudisha. Mama mdogo kila Ijumaa alikuwa akipeleka sahani kwa jirani, zamu kwa zamu, na kwa bibi msuka mikeka hakukosa Ijumaa hata moja. Huyo bibi nyumba yake inatazamana na yetu. Hakuna udugu wa damu, lakini huko njiani tulipokimbia alimgawia mama mdogo maji yake, na tangu siku hiyo wanaitana dada. Mimi ananiita mke mwenza, kwa utani wa mabibi, anasema marehemu mumewe angeniona angemwacha.

Basi Ijumaa ile nikamwambia mama mdogo apike sahani kumi na moja. Nikaziingiza kama oda, kila moja kwa simu ya mwenyewe, bei nikaandika promosau, yaani ofa ya bure. Chakula kililiwa kweli, hilo halina uongo. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwafungulia aplikativo. Wasio na simu kubwa waliazima ya mtoto au ya mjukuu. Nikawaonyesha: hapa nyota, mnabonyeza, basi.

Bibi alikuwa na simu aliyoletewa na mjukuu wake, kioo kimepasuka pembeni. Alijifuta vidole vya ukili kwenye kanga, akauliza, "Nibonyeze ngapi, mke mwenza?"

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Ningesema tano, kungekuwa hakuna hadithi. Lakini mimi nilikuwa na maadili ya shule. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba anayemwelekeza mteja idadi ya nyota anadanganya.

"Unavyoona mwenyewe, bibi. Nisikufundishe."

Nikageuka nikatazama ukuta, ili nisione. Nilijiona mtu mwaminifu sana.

Jioni sahani zikaanza kurudi. Sijawahi kuona kitu kile. Fundi seremala wa nyumba ya mwisho, mtu wa Mueda, Mkristo, alileta mwenyewe sahani ina mayai sita, akasema yeye mtu wa bara, nazi inamlewesha, mama mdogo asimpikie tena hivyo atashindwa kushika msumeno. Wengine walileta dagaa, ndimu, karanga, sabuni. Bibi alileta kipande cha mkeka kipya, kidogo, cha kufunikia sinia, ameusuka kwa rangi tatu. Mama mdogo akavipanga vyote barazani, akakaa katikati yake kama mtu wa harusi.

Mimi nilikuwa ndani nimeinamia simu. Namba ilikuwa 3,7.

Nikafunga, nikafungua. 3,7. Nikashuka chini kusoma. Tatu, tatu, tatu, tatu. Nyumba kumi na moja, zote nyota tatu. Hakuna hata mmoja aliyekosea akatoa nne. Nikajua wamekaa wakakubaliana.

Sikumwambia mama mdogo. Sikumwuliza mtu yeyote. Barazani kulikuwa na mayai na mkeka na ndimu, nami nikapita katikati yake bila kuvitazama, nikaenda nyuma ya choo, nikafungua grupu la mtaa, lile la kutangaziana misiba na maji, nikabonyeza audio.

Niliyoyasema siyaandiki yote. Nilisema ni wanafiki. Nilisema wanakula kwake mchana, jioni wanamchimbia. Nilisema Pemba tulikuwa tukiwalilia, kumbe tulikuwa tukililia watu wa roho mbaya. Na bibi nilimtaja kwa mkeka wake. Nikasema, "Hata wewe msuka mikeka unayeitwa dada." Dakika moja na nusu. Nikatuma. Nilipotaka kuifuta watu walikuwa wameshaisikiliza, na wenye simu moja nyumba nzima walisikiliza pamoja, watoto wakiwemo.

Grupu likanyamaza. Sijui kama mnaujua ukimya wa grupu, pale unapoona wameona na hakuna anayeandika.

Asubuhi bibi alikuja. Alibisha hodi tatu kama kawaida yake, hodi ya kwanza mbali, ya pili karibu, ya tatu mlangoni. Hakuingia. Mama mdogo alikuwa ameshasikia ile audio kutoka kwa watu kisimani, alikuwa jikoni amekaa tu, moto hajawasha. Mimi nilisimama mlangoni.

Bibi alisema kwa sauti ndogo, na hakuniita mke mwenza.

"Mwanangu, nimempa tatu. Kwani tatu ndogo? Udhu tunaosha mara tatu. Hodi tatu. Mtu akiapa anaapa mara tatu, imekwisha. Nilimpa iliyotimia."

Nikamwambia zipo mpaka tano, bibi, tano ndiyo iliyotimia.

"Tano ni kujaza mpaka juu. Na wageni wote wanaziona. Nimsifu dada yangu mpaka juu mbele ya watu nisiowajua, wamtie jicho? Hakuna hata pa kuandika mashallah pale. Nilitafuta."

Alitafuta. Asiyejua kusoma, na kioo kimepasuka, alitafuta pa kuweka mashallah. Wenzake walikuwa wamemwuliza yeye, kama mkubwa wa mtaa, watoe ngapi, naye aliwaambia tatu, zinatosha, zinamlinda. Hata fundi alifuata. Baadaye fundi aliniambia kwao Mueda hawana hesabu hiyo, ila aliona wenyeji wa pwani ndio wanaojua mambo ya macho ya watu.

Mama mdogo akatoka jikoni. Akamshika bibi mkono, akanitazama, akasema, "Omba radhi." Nikaomba. Nilipiga magoti, nikaomba kweli. Bibi alinishika kichwa akasema yameisha. Lakini mimi hata nikiwa nimepiga magoti nilikuwa nafikiria siku nane zilizobaki. Naandika hili kwa aibu. Kichwa changu kilikuwa kinapiga hesabu: wakibadilisha wote kumi na mmoja kuwa tano, inapanda mpaka 4,9.

Aplikativo inaruhusu kubadilisha. Niliwaeleza kwenye grupu, kwa maandishi safari hii, na kwa heshima. Niliomba msamaha, nikawaeleza kwamba kwa mashine tatu maana yake chakula kibovu. Walishtuka. Mama mmoja aliandika kwamba amelia. Wakasema wanakuja, wote, alasiri, wamsafishie jina lake. Mama mdogo alisema niache, nyota zilizotolewa kwa mapenzi haziombwi kurudishwa. Nikamwambia hii si sahani. Sikumsikiliza.

Walikuja uani kwetu baada ya swala ya alasiri. Wengi hawakuwa na megas za intaneti, na wanaobaki na megas mwisho wa mwezi ni wachache hapa, kwa hiyo nikawagawia mtandao kutoka simu yangu. Walikaa kwenye mikeka, simu kumi na moja zinakunywa kutoka kwangu, mimi nazunguka nikisaidia wasioona vizuri. Palikuwa na furaha hata. Fundi alisema leo tunampigia kura mama mdogo awe rais, na yeye ndiye waziri wa mayai. Watu walicheka, na nilidhani ile audio imezikwa.

Bibi alikuwa wa mwisho. Alishika simu muda mrefu. Alisema mashallah, akatema pembeni kidogo kama mate ya kumkinga mtoto mchanga, akabonyeza moja, mbili, tatu, akasimama. Akamtazama mama mdogo.

"Nijaze?"

Mimi ndiye niliyesema.

"Jaza, bibi. Jaza tu."

Akajaza.

Namba ikawa 4,9. Nikawaonyesha watu wote. Asubuhi yake nilipofungua, picha ya mama mdogo na kapulana ya manjano ilikuwa imetiwa weusi, na chini yake maneno ya Kireno kwamba ukurasa umefungwa kwa kuwa tathmini zake zina shaka.

Nilimpigia yule kijana. Alikuwa mpole. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtu habari ya msiba. Mashine haimjui mama mdogo, haijui mtaa wala Ijumaa. Inachoona ni watu kumi na mmoja waliotoa tatu siku moja, kisha siku moja wakageuza wote kuwa tano, kupitia mtandao wa simu moja, na simu hiyo ndiyo iliyomsajili mpishi. Kwa mashine hao si watu kumi na mmoja. Ni mtu mmoja, na ni mimi.

Nikamwambia ni majirani, wapo, aje awaone, aje awashike mikono.

"Mimi naamini, mana. Mimi nimekula kwake. Lakini anayeamua siyo mimi."

Aliniambia niandike malalamiko. Niliandika mara nne, Kireno changu chote cha shule kiliishia humo. Nilieleza tatu ni nini kwetu. Nilieleza megas. Mara zote lilirudi jibu moja, herufi kwa herufi, linanishukuru kwa kuwasiliana nao. Wapangaji wa karibu na uwanja walipata mpishi mwingine. Na wale wageni saba wa mwanzo hawakumpata tena, kwa kuwa namba yake walikuwa nayo ndani ya aplikativo tu.

Nilipokuwa shuleni tulifundishwa wastani. Unajumlisha, unagawanya. Hakuna aliyetufundisha kwamba kabla ya kujumlisha mtu anaamua nani ahesabiwe. Mgeni aliyekula mara moja akaondoka alihesabiwa mzima. Bibi aliyekula kwake kila Ijumaa, aliyemgawia maji porini, alionekana ni mimi nimevaa sura yake. Nilikuwa na hasira na mashine wiki nyingi. Hasira ya mashine ni nyepesi, unaibeba popote. Nyingine iko nyumbani.

Maana bibi aliposikia ukurasa umefungwa, hakulaumu mashine. Alikuja akasema kwa mama mdogo maneno machache, nikiwa nasikia: "Nilijua. Nilijaza, nikaona mkono wangu unajaza. Ni jicho langu, dada."

Mama mdogo alimkatalia. Alimwapia. Mimi nikamweleza habari ya megas na mtandao mmoja, mara mbili, mara tatu, nikamchorea chini kwa kijiti. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema, "Sawa, mwanangu, wewe umesoma." Kwake maelezo yangu yalikuwa njia tu ambayo jicho lilipita. Na nitamwambia nini? Kweli alibonyeza tano, na kweli kesho yake jina la dada yake likaanguka. Niliyemlazimisha ni mimi, aliyejiona na hatia ni yeye.

Tangu hapo haingii uani kwetu. Anatusalimia kutoka barabarani, anamwuliza mama mdogo afya yake, lakini anatazama chini wakati wa kuuliza. Akisuka mkeka, anageuka upande wa pili ili asitazamane na mlango wetu.

Wengine wa mtaa wametusamehe, nadhani. Wananijibu salamu. Ila kwenye grupu sasa kuna misiba na maji tu, hakuna tena utani, na fundi hasemi habari ya mayai. Audio yangu bado iko pale juu. Ukipandisha sana unaifikia. Nimejaribu kuifuta, inaniambia muda umepita.

Mama mdogo amepata kibarua Afungi, kwenye jiko la kampuni inayolisha kambi. Anamenya viazi na vitunguu. Basi linawachukua alfajiri, na akirudi mikono yake inanuka kitunguu ambacho mtu mwingine amekipika. Nilimwuliza kama waliwahi kuonja mkono wake. Alisema huko kila kitu kina karatasi yake, na yeye karatasi yake ni ya kumenya. Hakusema kwa uchungu. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Ijumaa zake za mapumziko anawasha jiko lilelile la mkaa. Anapika kidogo, wali, samaki, achari. Anajaza sahani moja, ile ya bati yenye ua jekundu, anaifunika kwa ule mkeka wa rangi tatu, ananiambia nipeleke ng'ambo. Sahani zote za bibi siku hizi nazipeleka mimi. Ni adhabu ambayo hakuitangaza.

Nabisha hodi tatu. Bibi anapokea, anasema ahsante, Mungu ampe. Jioni anaiacha sahani kwenye ngazi yetu, hasubiri mtu. Ijumaa ya kwanza nilipoiona nilifikiri amesahau. Imeoshwa, imesuguliwa kwa mchanga mpaka ua linang'aa, imefunikwa vizuri na mkeka wake, na ndani hamna kitu. Hata ndimu. Anaogopa kuingiza chochote kilichopita mkononi mwake ndani ya nyumba yetu.

Jana ilikuwa Ijumaa. Mama mdogo alikuwa barazani, mimi nilimletea sahani kutoka kwenye ngazi. Nilitaka kuipeleka moja kwa moja jikoni asiifunue. Alinyoosha mikono yote miwili akaipokea, akaiweka mapajani, akainua ule mkeka, akatazama ndani kwa muda, kama watu wanavyotazama walicholetewa.

"Mwambie imefika," akasema.

Nikavuka barabara kwenda kumwambia.